Kulaza Bia: Historia ya Neno na ya Ghala Lake

Katika vibandiko vya chupa za bia za Afrika Mashariki, zikiwamo Tusker, Safari na Kilimanjaro, limeandikwa neno "lager". Neno hili limesomwa na vizazi kadhaa vya wanywaji, na wengi hulidhania kuwa ni sehemu tu ya jina la bia. Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya neno hilo na ya desturi iliyolizaa, yaani desturi ya kuweka bia mahali penye baridi na giza ili ikomae, kisha kupendekeza istilahi za kuielezea. Hapo kale desturi hiyo ilikuwa ya watawa, mabwanyenye na wenye viwanda. Siku hizi wapenzi wa bia huifuata majumbani mwao, na anayetaka kuandika habari zake kwa Kiswahili hukwama tangu sentensi ya kwanza.

Katika Kijerumani, "Lager" ni ghala, ni kambi, na tena ni mahali pa kulala. Shina lake ni lile lile la kitenzi chenye maana ya kulala. Chimbuko la bia ya namna hii ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1553 Mtawala Albrecht wa Tano alipiga marufuku kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa bia iliyopikwa wakati wa joto iliharibika upesi. Hivyo wapishi walilazimika kupika bia ya kutosha mwishoni mwa majira ya baridi na kuitunza hadi majira ya joto yapite. Walichimba mapango, wakayajaza barafu iliyokatwa kwenye maziwa na mito, na juu yake wakapanda miti yenye kivuli ili ardhi isipate joto. Katika baridi hiyo ilistawi hamira inayofanya kazi polepole na kutuama chini ya pipa. Bia ikalala miezi kadhaa, ikatoka imetakata.

Sayansi ya karne ya 19 iliifungua desturi hiyo kutoka katika mapango. Katika miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine ya kupozea, akaijaribu katika kiwanda cha bia cha Spaten mjini München. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kutenga hamira ya aina moja pasipo mchanganyiko. Tangu hapo bia ya kulazwa iliweza kupikwa popote, hata katika nchi za joto. Kenya Breweries ilipoanzishwa mwaka 1922, baridi ya Bavaria ilikuwa imekwisha kuwa kazi ya mitambo. Neno likatufikia, bali pango lililolizaa likabaki Ulaya.

Uingereza ilikuwa na njia yake. Katika majumba ya mabwanyenye ilipikwa bia kali mwezi wa Oktoba, ikawekwa katika vyumba vya chini kwa mwaka mmoja au zaidi. Ilikuwapo hata desturi ya kupika pipa siku mrithi alipozaliwa, ili linywewe atimizapo miaka 21. Mjini London wenye viwanda walikomaza bia nyeusi katika mapipa makubwa mno. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux lilipasuka, na gharika ya bia ikaua watu 8. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen, naye wa Carlsberg, alieleza kwamba ladha ya pekee ya bia hizo za kukaa ililetwa na hamira ya pili iliyofanya kazi polepole baada ya ile ya kwanza kuchoka. Akaiita Brettanomyces, yaani kuvu ya Uingereza. Watawa wa Orval, nchini Ubelgiji, wangali wakiitia katika bia yao hadi leo.

Ghala la nyumbani, kwa maana ya leo, ni jambo la juzi. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kilitoa Thomas Hardy's Ale, bia kali iliyoandikwa mwaka wake na kusifiwa kwamba yaweza kuwekwa miaka 25. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia sahihi mwaka 1978 sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao. Viwanda vidogo vikaongezeka, na kutoka mwaka 1983 Sierra Nevada ikawa inatoa bia yake ya Bigfoot, nayo huandikwa mwaka. Mpenzi wa bia akapata cha kuweka.

Kanuni za ghala hilo ni chache. Joto liwe kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi, tena lisipandepande na kushuka. Mwanga usiingie, kwa maana nuru hugeuza uchungu wa maua ya hopi kuwa harufu mbaya. Mwenye ghala hununua chupa kadhaa za bia moja, huandika tarehe ya kila moja, kisha hufungua moja kila mwaka ili kupima mabadiliko. Hata hivyo, bia zinazostahili kuwekwa ni chache: zile zenye kilevi kingi, au zilizochachushwa kwa hamira kama ile ya Claussen. Bia nyepesi, na zile zinazosifika kwa harufu ya hopi, hupungua thamani kila mwezi unaopita. Hapo ndipo uzito wa istilahi unapoonekana. Neno lisilo sahihi laweza kumfanya mtu atunze kile alichopaswa kunywa, na amwage kile alichopaswa kutunza.

Vinywaji vyetu vya asili havikuhitaji ghala. Tembo la mnazi hugemwa likanywewa siku ile ile. Likikaa huwa kali, likizidi kukaa huwa siki. Ulanzi wa Iringa na mbege ya Wachaga, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, navyo havingoji. Lakini tusiharakishe kusema kwamba lugha yetu haina la kusema juu ya kukaa na kukomaa.

Kwanza tunalo neno kuvundika, yaani kufunika ndizi au maembe ili yaive. Neno hili lina mvuto, na hapana shaka linafanana na kuvunda, yaani kuoza. Lakini tunaliacha, kwa sababu kuvundika hutaka joto, hali bia hutaka baridi. Pili tunalo kulaza. Hili ni tafsiri ya moja kwa moja ya wazo la Kijerumani, na ni letu tangu awali, kwa kuwa chakula kilichobaki hadi asubuhi nacho tunasema kimelala. Wapo watakaopinga kwamba neno hili litamdanganya msomaji akalaza chupa ubavu, kama ifanywavyo kwa mvinyo, hali chupa ya bia yenye kizibo cha bati husimamishwa ili masimbi yatuame chini. Jibu letu ni fupi: chupa isimame, bia ilale. Kinacholala ni kinywaji, wala si chombo.

Kuhusu mahali penyewe, wengine wamependekeza "sela". Tunalikataa kwa sababu mbili. Sela mitaani ni kijana wa kijiweni. Zaidi ya hayo, neno la Kilatini "cella", lenye maana ya chumba kidogo, limekwisha kuingia kwetu mara mbili: seli ya wanabiolojia na selo ya mahabusu. Mgeni wa tatu wa ukoo huo atachanganya nyumba. "Ghala la chini" nalo halitoshi, kwani anayekaa ghorofani huweza kulaza bia yake kabatini, madhali pana baridi na giza.

Basi tunapendekeza haya: kulaza kwa kazi ya kuweka bia katika baridi ili itakate, kukomaza kwa kuiweka miezi au miaka ili ladha yake ibadilike, bia ya kulazwa kwa lile neno la vibandikoni, na ghala la kulazia kwa mahali penyewe, pawe chini ya ardhi au kabatini. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka lugha za wagema na wapika pombe wa nchi yetu, wanaombwa wayalete kabla haya hayajazoeleka.