Apu ya Kwanza Si Lazima Iwe Bora: Hivi Ndivyo Play Store na App Store Hukuchagulia Cha Kudaunlodi

Andika neno "mkopo" pale kwa Play Store. Kwa sekunde moja hivi unaletewa apu kibao, zote na logo safi, nyota nne na kitu, na ahadi ya chapaa kwa M-Pesa ndani ya dakika chache. Wasee wengi hubonyeza ile inayotangulia. Shida ni kwamba kutangulia hakumaanishi imeshinda zingine. Huenda imelipia hiyo nafasi, huenda imechagua jina kwa ujanja, ama imedaunlodiwa na watu wengi ambao nao walibonyeza tu ile ya kwanza.

Simu yako ndiyo benki yako, kitambulisho chako na stori zako zote za WhatsApp. Kwa hivyo ni muhimu ujue nani anapanga hiyo orodha, na anaipanga vipi. Twende polepole.

DUKA LILIANZA LIKIWA KIBANDA

App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 10, 2008 ikiwa na apu 500 pekee. Oktoba mwaka huo huo Google ikaleta Android Market, ambayo Machi 2012 ilibadilishwa jina ikawa Google Play. Apu 500 unaweza kuzipitia zote ukiwa kwa mat ya kutoka tao hadi Rongai siku ya jam. Leo ziko mamilioni. Hakuna binadamu anaweza kuzipitia, kwa hivyo duka lenyewe ndilo linakuchagulia utakachoona.

Kuna njia mbili za kuingia. Moja ni kusaka: unaandika unachotaka. Ya pili ni kuzurura: unafungua duka, unascroll, unaona kitu kinakaa fiti, unachukua. Apple yenyewe husema karibu 65% ya daunlodi kwenye App Store hutokea mara tu baada ya mtu kusaka. Ndiyo maana vita vikali viko pale kwa kisanduku cha kuandikia.

UKISAKA, DUKA LINAANGALIA NINI?

Kwanza ni maneno. Jina la apu haliruhusiwi kupita herufi 30 kwenye maduka yote mawili. Google inaongeza maelezo mafupi ya herufi 80 na marefu ya hadi 4,000. Apple inampa mwenye apu sehemu ya siri ya herufi 100 za maneno ya kusakiwa. Wewe huwezi kuyaona, lakini mashine inayasoma. Kwa hivyo apu inaweza kutokea ukisaka neno ambalo haliko popote kwenye ukurasa wake.

Zamani majina yalikuwa vituko. Msee alikuwa anaita apu yake "Bora Zaidi", "Namba 1" au "Bure", na emoji za moto juu yake. Mwaka wa 2021 Google ilipiga marufuku hiyo tabia kwenye majina na logo. Leo ukipata apu bado inajisifu hivyo kwenye jina, hiyo ni alama ya kwanza ya kukaa rada.

Pili ni namba: watu wangapi wamedaunlodi, nyota ngapi, maoni yanasemaje, na kama apu inajizima ovyo ovyo kwenye simu za watu. Apu inayokwama sana hushushwa.

Tatu ni wewe mwenyewe. Nchi uliyo, lugha ya simu, apu ulizonazo na aina ya simu, vyote vinahesabiwa. Ndiyo maana wewe na beste yako mnaweza kuandika neno moja mkaletewa orodha tofauti. Na kama una simu yenye Android ya zamani, kuna apu hutaziona kabisa juu haziwezi kufanya kazi kwako. Usianze kuzitafuta kwa link za Telegram. Cheki kwanza kama kuna toleo jepesi, kama vile Facebook Lite iliyotoka 2015 kwa ajili ya simu za kawaida na intaneti ya pole.

ILE YA JUU KABISA MARA NYINGI IMELIPIWA

Google ilianza kuweka matangazo kwenye matokeo ya Play mwaka wa 2015. Apple ikafuata 2016, ikianzia Marekani. Karibu na jina la apu kuna kaneno kadogo, "Sponsored" kwenye Play ama "Ad" kwenye iPhone. Ni kadogo kweli, na kamewekwa mahali jicho lako halisimami.

Sasa sikiza hii. Kampuni inaweza kulipa ili apu yake itokee ukisaka jina la mshindani wake. Unaandika jina la benki yako vizuri kabisa, halafu ya kwanza kutokea ni kampuni nyingine kabisa inayokopesha. Si wizi, ni biashara iliyoruhusiwa. Lakini ukiwa na haraka, kidole kinaenda pale.

Dawa yake ni rahisi: ruka chochote chenye hako kaneno, kisha uanze kusoma.

JINA MOJA, APU TOFAUTI

Mashine inasoma maneno, haisomi akili yako. Stori tatu zinaonyesha hilo.

Novemba 2017, apu feki ya WhatsApp iliingia Play Store ikiitwa "Update WhatsApp Messenger". Jina la mwenye apu lilionekana sawa kabisa na la WhatsApp yenyewe, ila mwishoni waliweka nafasi isiyoonekana kwa macho. Ilidaunlodiwa zaidi ya mara milioni moja kabla Google iitoe. Kazi yake ilikuwa kumwagia watu matangazo.

Januari 2022 dunia nzima ilikuwa inacheza Wordle, gemu ya maneno ya Josh Wardle. Gemu hiyo ilikuwa kwenye tovuti tu, haikuwa na apu. Watu wakakimbia App Store kuisaka hata hivyo. Wajanja wakatoa nakala, na Apple ikazifyeka. Lakini kulikuwa na apu nyingine halali, Wordle!, ambayo kijana anaitwa Steven Cravotta alikuwa ameitengeneza miaka kama mitano hapo nyuma. Ghafla ikajaa wateja ambao hawakuwa wanaitafuta! Jamaa akasema pesa hizo atazitoa msaada.

Halafu kuna ChatGPT. Ilitoka Novemba 2022 kwenye tovuti, na apu rasmi ya iPhone haikufika hadi Mei 2023. Katikati hapo maduka yalijaa apu zenye majina na rangi za kufanana, nyingine zikilipisha kila wiki kwa kitu ambacho kwenye tovuti kilikuwa cha bure.

Funzo: kitu kikitrendi, usianzie kwa duka. Anzia tovuti rasmi ya wenyewe, uone kama wana apu, kisha ubonyeze link yao ikupeleke dukani.

UKIZURURA TU

Kuzurura nako kuna mpango wake. Tangu iOS 11 ya 2017, iPhone hukufungulia ukurasa wa "Today", ambao huandikwa na wahariri binadamu. Kwenye Play, mengi unayoona yamepangwa na mashine kufuatana na ulichowahi kuweka. Ukidaunlodi gemu moja ya mpira, wiki nzima unaletewa gemu za mpira.

Halafu kuna zile orodha za zinazovuma. Hizo zinapima mwendo, hazipimi ubora. Mwanzoni mwa 2014 Flappy Bird, gemu ya Dong Nguyen wa Vietnam, ilikaa kileleni. Februari mwaka huo aliitoa mwenyewe dukani, na ghafla maduka yakajaa gemu za kuiga jina na ndege yake. Msee aliyesaka jina hilo wiki iliyofuata alipata nakala tu.

Kitu kingine: ukiwa kwenye ukurasa wa apu moja, chini utaletewa zingine za kufanana nayo. Ni rahisi kuteleza hapo ukajipata umebonyeza ya jirani. Soma jina tena kabla ya kubonyeza.

NYOTA ZINASEMA NINI?

Tangu mwishoni mwa 2021, nyota unazoona kwenye Play ni za watu wa nchi yako. Hiyo ni poa, juu apu inaweza kuwa moto Marekani lakini hapa Kenya inakwama kwenye kulipa. Pia Google huzipa uzito zaidi nyota za karibuni kuliko zile za miaka iliyopita.

Lakini nyota hununuliwa. Usisome zile tano tano zinazosema "nice app" mara hamsini. Panga maoni kuanzia mapya, kisha soma za nyota moja na za nyota tatu. Wa nyota moja atakuambia kilichomuuma. Wa nyota tatu kwa kawaida ndiye mkweli.

Na ile "1M+" inamaanisha imepita daunlodi milioni moja, si kwamba watu milioni moja bado wanaitumia. Waliofuta baada ya dakika tano wamo.

APU ZA MIKOPO: HAPA NDIPO KUNA NGORI

Hii ndiyo sehemu ambayo kukosea kunakugharimu jina, si bando tu. Kuna wasee walikopa soo tano, wakachelewa, halafu mathe, bosi na hata ex wakapigiwa simu. Ilitokea hivyo kwa sababu apu ilikuwa imeruhusiwa kusoma namba zote za kwa simu.

Sheria zimekaza. Machi 2022 Kenya ilichapisha kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na Benki Kuu, CBK, ndiyo hutoa leseni. Kuanzia Januari 31, 2023 Google ilidai apu za mikopo hapa Kenya zionyeshe uthibitisho wa leseni. Na kuanzia Mei 31, 2023 ikakataza apu za mikopo kusoma namba za watu wako na picha zako.

Kwa hivyo apu ya mkopo ikikuomba contacts ama picha, hiyo tayari inavunja sheria za duka. Funga, futa, songa. Pia Google inataka maelezo ya apu yaonyeshe muda mfupi na mrefu zaidi wa kulipa, riba ya juu kabisa ya mwaka, na mfano wa hesabu. Kwa kawaida haikubali mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 ama chini. Kama hizo namba hazipo kwa ukurasa, jiulize kwa nini zimefichwa.

Kisha ingia tovuti ya CBK, kuna orodha ya waliopewa leseni. Usisake jina la apu pekee. Tafuta jina la kampuni iliyo nyuma yake. Linapatikana chini ya ukurasa wa apu.

CHEKI HIZI SABA KABLA UBONYEZE "INSTALL"

1. Kuna alama ya tangazo? Ruka kwanza, angalia zingine.
2. Nani ameitoa? Bonyeza jina lake uone apu zake zingine. Benki haiwezi kuwa pia na apu ya tochi na ya nyota za bahati.
3. Ilitoka lini? Fungua "About this app". Apu inayojiita ya kampuni kubwa lakini imetoka wiki jana ni ya kushuku.
4. Ilisasishwa lini mwisho? Kama ni miaka miwili, pita.
5. Inaomba ruhusa gani? Apu ya tochi haina biashara na SMS zako. Kumbuka SMS ndiko namba za siri za kuthibitisha huingia.
6. "Data safety" inasema nini? Soma, lakini kumbuka hapo ni wenye apu wamejieleza wenyewe.
7. "In-app purchases" ipo? Basi bure yake ina mwisho.

NA UKISHAINGIA BOKSI?

Usipanik. Fungua settings za simu, ondoa ruhusa zote za hiyo apu, kisha ndiyo ufute. Kama uliandika PIN ama neno la siri ndani yake, badilisha saa hiyo hiyo, na upigie benki ama mtandao wako simu.

Kama ulianza kulipia kila wiki ama mwezi, kufuta apu hakusimamishi malipo. Hapa ndipo wengi hukamuliwa. Ingia Play, bonyeza picha yako, nenda kwa malipo na usajili, uikate hapo. Ukiwa ndani ya saa 48 tangu ununue, unaweza kuiomba Google irudishe pesa.

Mwisho, ripoti hiyo apu kwenye ukurasa wake. Kama imetumia vibaya namba za watu wako, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako, na kulalamika ni bure.

Duka litaendelea kukupangia, juu hiyo ndiyo kazi yake na ndiko linakopata pesa. Kazi yako ni kuscroll kidogo zaidi ya watu wengine, kusoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, na kutoa ruhusa kama unayetoa funguo za nyumba. Tumia hii kwa mathe na kwa yule binamu anayedaunlodi kila kitu.