Kwelea kwelea mchanga: tazama mdomo

Msikilizaji, kundi likitua kwenye mtama au uwele wako, tazama midomo. Msimu wa kuzaliana dume ana mdomo mwekundu na uso mweusi, jike mdomo wa manjano. Msimu ukiisha, dume hunyonyoka, akabaki wa kahawia mwenye michirizi kama jike, na wote wawili midomo myekundu. Hapo wengi humdhania shomoro!

Kinda aliyetoka kiotani ana mdomo wa kijivu unaoelekea zambarau; hugeuka mwekundu baada ya miezi miwili mitatu, anapobadili manyoya. Ukiona midomo ya kijivu mingi, wamezaliwa majuzi, na mazalia huenda yako kwenye migunga ya jirani. Mwambie afisa ugani mapema. Waliopuliziwa sumu wasiliwe, hata kama kwetu Kondoa kwelea ni kitoweo.