Mama Aliyetulaza Bila Kujua

Mwaka jana usingizi ulinihama. Kazi ilikuwa imeisha, kodi ya bedsita yangu pale Umoja haikuwa imelipwa, na kila nikifunga macho hesabu zinaanza. Beste yangu, prodyuza wa mtaani, akanitumia nyimbo za kutuliza akili. Unazijua hizo: mvua kidogo, kinanda kinachovuta pumzi ndefu, halafu mwanamke anaimba kwa lugha usiyoielewa. Mmoja ndio ulinimaliza. Unaitwa "Sweet Lullaby", wa kundi la Deep Forest. Sauti ya yule mama inashuka pole pole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Siku nyingi sikufika mwisho wake.

Nikiulizwa umetoka wapi, nilijibu bila kusita: "Kongo, msitu wa Ituri." Nilijuaje? Jina la kundi linasema msitu, ngoma zinasema Afrika, na wasee wengi mtandaoni walikuwa wanasema hivyo hivyo. Nilijivunia hata. Nilijiambia kwamba angalau dunia inalazwa na sauti yetu.

Kumbe wapi.

Usiku mmoja wimbo ulikataa kunilaza, nikaanza kuusoma badala ya kuusikiliza. Mama yule aliitwa Afunakwa. Alikuwa wa jamii ya Wabaegu, kaskazini mwa kisiwa cha Malaita, katika Visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki. Kutoka Mombasa uvuke Bahari Hindi yote, na ukimaliza bado una safari.

Mwaka 1970, visiwa hivyo vikiwa bado chini ya Uingereza (uhuru ulikuja 1978), mtafiti wa muziki Mswisi, Hugo Zemp, alimrekodi Afunakwa akiimba bembelezi inayoitwa "Rorogwela". Bila ala yoyote, ni sauti yake tu. Mwaka 1973 rekodi hiyo ilitoka kwenye santuri katika mfululizo wa UNESCO wa muziki wa dunia, na jina la santuri lilitaja wazi Wabaegu, jirani zao Wafateleka, na kisiwa cha Malaita. Mwaka 1990 ikatolewa tena kwenye CD. Miaka miwili baadaye, Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, wakaikata sauti ile, wakaipachika juu ya kinanda na ngoma za mashine, na Deep Forest ikazaliwa.

Huo ulikuwa wakati wa muziki ulioitwa New Age. Wazungu walikuwa wamechoshwa na kelele za miji yao, na soko likawauzia utulivu: sauti za mbali, misitu, watu "asilia". Albamu iliuzwa kwa mamilioni. "Sweet Lullaby" ikaingia hadi kwenye matangazo ya biashara. Na kwa vile albamu ilijinadi kwa jina la wale watu wa misitu ya Afrika ya Kati tunaowaita Mbilikimo, wasikilizaji wakaamini kwamba mama yule ni mmoja wao. Sehemu ya mapato iliahidiwa mfuko wa kuwasaidia watu hao. Wao wanastahili msaada, sikatai. Lakini wimbo haukuwa wao, na Malaita haikutajwa.

Kosa likizaa, huzaa mapacha. Mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, alirekodi melodia ile ile kwenye albamu yake *Visible World*. Aliiita "Pygmy Lullaby", yaani bembelezi ya Mbilikimo. Mwanamuziki mkubwa, masikio makali, na bado akaubeba uongo wa jarada kama nilivyoubeba mimi. Mwaka huo huo Zemp aliandika makala ya kulalamika kuhusu jinsi rekodi zake zilivyotumika, na mwaka 2000 mtafiti mwenzake wa Marekani, Steven Feld, akaandika historia ya safari ya wimbo huu. Baadaye kijana Mmarekani, Matt Harding, ambaye video yake ya kucheza densi kote duniani ilitumia wimbo huo, alifunga safari hadi Malaita kumtafuta Afunakwa. Mama alikuwa ameshafariki.

Halafu nikasoma maana ya maneno. Nilikaa wima kitandani. "Rorogwela" inahusu watoto wawili mayatima. Mkubwa anamnyamazisha mdogo wake anayelia, na hakuna mtu mzima aliyebaki wa kumbeba isipokuwa yeye. Wafu ndio wanaowaangalia kutoka kisiwa chao. Hicho ndicho watu walichouziwa pamoja na sabuni, na ndicho mimi nilichokuwa nikijifunika kila usiku nikidhani ni upepo wa msituni.

Sasa hapa lazima nikiri kitu. Desemba iliyotangulia nilikuwa nyumbani Mwala, Machakos. Dadangu alikuwa na mtoto mchanga, na Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) alimchukua akaanza kumwimbia. Nikatoa simu, nikarekodi. Niliporudi Nairobi nikamtumia beste yangu. Kufikia wakati nasoma habari za Afunakwa, biti ilikuwa tayari. Na manze, ilikuwa tamu. Sauti ya Susu imepewa mwangwi, besi inapumua chini yake. Faili lilikuwa na jina moja tu: "Kamba vocal 2".

Nilimpigia nikamwambia asiitoe kwanza.

"Buda, kwa nini? Si huo ni wimbo wa watu tu? Hauna mwenyewe."

Nilitaka kumkasirikia, lakini mimi ndiye niliyemtumia. Na maneno yake si mageni. Ndio mlango ambao sauti ya Afunakwa ilipitia: wimbo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana, kwa hivyo mwenye mashine ya kurekodi ndiye anayeonekana kuwa na karatasi. Kenya tulijaribu kuufunga mlango huo kwa sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kiasili na sanaa za kitamaduni, inayotaka jamii iombwe ridhaa kabla mali yake haijatumiwa. Nzuri. Lakini hakuna askari atakayekuja Umoja kufungua kompyuta ya beste yangu.

Yeye alikuwa na hoja nyingine nzito zaidi: "Kila muziki umekopwa. Ukizuia kukopa, umeua muziki."

Hiyo nikaitafutia jibu siku kadhaa, na nikalipata hapa hapa nyumbani. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu "Chemirocha". Ni nani huyo? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa gramafoni. Wakipsigis walimgeuza kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Walikopa, wakachanganya, wakaongeza chumvi. Lakini tazama walichokiacha ndani ya wimbo: jina lake. Limepinda kidogo kwa ulimi wa Kipsigis, lakini lipo, na wimbo wote umelizunguka.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, watafiti wa maktaba hiyo na wanamuziki wa Kenya walizirudisha kwa Wakipsigis, na wachache kati ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Wakajisikia tena wakiwa vijana. Afunakwa hakupata siku kama hiyo.

Kwa hivyo nadhani tatizo si kukopa. Tatizo ni kukopa kutoka kwa "msitu". Huwezi kuuomba msitu ruhusa, wala kuulipa, wala kuuliza maneno yake yana maana gani.

Pasaka nilipanda matatu hadi Mwala. Susu alikuwa anachambua maharagwe. Nikaweka simu karibu na sikio lake, nikamchezea biti yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema lolote, kisha akacheka.

"Na hiyo ngoma, mtoto si ataamka?"

Nikacheka pia. Halafu akauliza, bila kucheka, "Watakaosikia watajua ni mimi?"

Nikamwambia ndivyo nilivyokuja kumuuliza, kama anataka wajue, na kama anataka wasikie kabisa. Alirudi kwenye maharagwe yake. Baada ya muda akasema wimbo ule si wake peke yake. Mama yao ndiye aliyewafundisha, yeye na dada yake aliyeolewa Kitui, kwa hivyo ni lazima kwanza azungumze na dada yake. Na dada yake hapendi kuongea kwa simu.

Nilirudi Nairobi na jibu hilo. Beste yangu alinung'unika, akakubali. Faili sasa lina jina la Susu na la mama yake. Biti bado haijatoka. Tunangoja dada wawili wakutane.

Kuhusu usingizi, umerudi kidogo kidogo. Bado namsikiliza Afunakwa, ila siku hizi natafuta ile rekodi ya 1970, isiyo na kinanda. Ni fupi sana. Ikiisha, mara nyingi bado niko macho.