Omieri Hakuwa wa Mtu

Ukiniambia unataka kufuga chatu kwa bedsita yako, nitakuuliza kwanza kama unamjua Omieri.

Mwaka wa 1987, huko Nyakach, moto ulimchoma vibaya chatu jike. Wenyeji walimwona mgeni wa baraka, mleta mvua na mavuno. Hakuwa na kizimba. Alikuja na kwenda apendavyo. Akapelekwa Nairobi kutibiwa. Wanyakach wakamdai arudishwe, magazeti yakachangamka kweli kweli. Alifia huko huko, na mwili wake ukabaki makumbusho.

Matibabu yalihitajika, hapo sibishi. Lakini chatu wa kuonewa fahari kwenye kioo ni kitu kingine kabisa. Mwaka wa 2003 mwingine alipojitokeza Nyakach, watu walimpa jina lilelile: Omieri.