Ndege Yetu ya Mwisho

Hapa Micheweni chuma kikuukuu hakilali. Anapita mnunuzi na mizani yake, basi baiskeli ya marehemu babu, nanga iliyovunjika, cherehani, vyote vinapimwa kwa kilo. Mimi mwenyewe niliiuza cherehani ya bibi, na pesa zake hata sikumbuki zilikwenda wapi.

Nililikumbuka hilo niliposoma habari za ndege 5H-MOG. Alama ya 5H ni ya Tanzania, kama 5Y ilivyo ya Kenya na 5X ya Uganda. East African Airways, shirika la nchi zetu tatu, lilinunua Super VC10 tano kutoka Uingereza. Zilikuwa na injini nne za Rolls-Royce, zote mkiani, zenye nguvu ya kuruka kwenye viwanja vya milimani na vya joto kama Nairobi. MOG ilikuja mwaka 1970, nayo ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, ya 54. Moja katika hizo tano, yenye alama ya Uganda, ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na shirika likafa na madeni yake. Ndege nne zilizobaki zikarudi Uingereza. Jeshi la Anga la huko likazinunua, likazigeuza za kubeba mafuta na kuzinywesha ndege nyingine hukohuko angani. MOG ikaitwa ZA150.

Zikaja zikazeeka. Septemba 2013, VC10 mbili za mwisho kulitumikia jeshi lile zote zilikuwa za kwetu: MOG na mwenziwe 5H-MMT! Tarehe 24 MOG ikatua Dunsfold, mikononi mwa Brooklands Museum, na watu wa kujitolea wakawa wakiziwasha injini zake zisife. Kesho yake MMT ikatua Bruntingthorpe, uwanja ambako VC10 nyingi zilikatwa vipande.

Watu husema Mzungu hatupi chake. Wapi! Alikata nyingi, akabakisha chache. Lakini alijua anabakisha ipi na kwa nini. Mimi nimemaliza skuli sijapata kulisikia jina la MOG.

Juzi mnunuzi kapita tena. Mama alitaka kumpa karabai ya babu. Nimeificha uvunguni.