Mahindi ya Ames na mto wa Atchison: Wakenya katika miji ya vyuo ya Marekani

Mwaka 1905 Mmarekani Willis Hotchkiss, aliyesomea chuo cha Biblia mjini Cleveland, Ohio, alifungua misheni ya Lumbwa karibu na Kericho. Makampuni makubwa ya chai yalikuwa hayajafika; yangekuja karibu miongo miwili baadaye. Katika miaka ya 1930 kazi yake ilichukuliwa na World Gospel Mission, shirika ambalo leo makao yake yako Marion, jimbo la Indiana, na ndilo lililofungua zahanati ya Tenwek nje kidogo ya Bomet. Mwaka 1959 akafika Tenwek Dkt. Ernest Steury, mtoto wa mkulima wa Indiana, akawa daktari wa kwanza wa pale. Kuanzia Mulot hadi Sotik, ni vigumu kupata boma ambalo halina mtu aliyewahi kutibiwa Tenwek.

Kwa hiyo Ohio na Indiana zilituzoea sisi kabla sisi hatujazizoea. Watu wa huko walijua mvua ya Bomet hunyesha saa ngapi alasiri, na barabara ipi haipitiki baada ya mvua hiyo. Sisi kwao tulikuwa bado hatujafika.

Mwaka huohuo wa 1959, mwezi Septemba, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mwanasiasa Tom Mboya alikuwa ameizunguka nchi hiyo mapema mwaka huo akiomba nafasi vyuoni. Vyuo vilikubali kutoa nafasi na hata karo, lakini nauli ilikuwa mlima. Serikali ya kikoloni ilitaka vijana wangoje Makerere, ambako nafasi zilikuwa za kuhesabika. Marafiki wa Mboya kule Marekani wakachangisha, wakiwemo Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hadi 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka.

Habari ya ndege hizo imesimuliwa vizuri. Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata baada ya safari kwisha, katika miji midogo yenye chuo, ghala za nafaka, makanisa na barabara moja ya maduka. Naamini sehemu kubwa ya elimu ya watu wale ilipatikana hapo, mitaani na mezani kwa watu, na kwa kuyaacha hayo tumeandika nusu tu ya historia yao.

Msomaji anaweza kuuliza chuo kikuu kinafanya nini katikati ya shamba la mahindi. Jibu liko katika sheria ya mwaka 1862, maarufu kwa jina la mbunge Justin Morrill, iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali yauze na kwa fedha hizo yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Iowa lilikuwa jimbo la kwanza kuikubali, na chuo chake kipo Ames hadi leo. Makanisa nayo yalikuwa yakijenga vyuo vyao karibu kila mji uliopata reli. Anayeijua Njoro hatapata shida kuelewa: Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, mji ukakua pembeni yake. Kabianga, shule ya serikali tangu 1925, leo ni chuo kikuu kilichozungukwa na majani chai.

Wapo Wakenya walioitangulia ndege ya Mboya. Mbiyu Koinange alipitia Hampton, Virginia, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 akasoma Ohio Wesleyan, katika mji wa Delaware, Ohio. Chuo hicho cha Wamethodisti kilipatikana kwa sababu wakazi wa mji walichanga fedha wenyewe wakanunua hoteli ili igeuzwe chuo. Koinange aliporudi nyumbani alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri mwaka 1939, nacho kikajengwa kwa michango ya wananchi. Sisemi kwamba Githunguri ilinakiliwa kutoka Ohio, maana kuchanga hatukufundishwa na mtu. Lakini kijana aliyeishi miaka kadhaa katika mji uliojijengea chuo hawezi kurudi akaamini kwamba chuo ni kitu cha kungojewa kutoka serikalini.

Baada yake alikuja Gikonyo Kiano, aliyesoma Antioch, katika kijiji cha Yellow Springs, Ohio, ambako wakati huo mwanafunzi alisoma muhula mmoja na kufanya kazi ya mshahara muhula mwingine. Mwaka 1956 akapata shahada ya uzamivu California, Mkenya wa kwanza kuifikia. Miaka michache baadaye alikuwa bega kwa bega na Mboya katika kuwatafutia wengine njia.

Safari ninayoirudia zaidi ni ya Wangari Maathai. Septemba 1960, akitoka shule ya wasichana ya Loreto Limuru, alifika New York, kisha akapanda basi na wenzake kuelekea Kansas. Njiani, katika jimbo la Indiana, waliingia mkahawani kununua soda. Wakaambiwa hawawezi kukaa mle ndani, wakainywee nje. Ni Indiana hiyohiyo iliyokuwa imemtuma Dkt. Steury Tenwek mwaka mmoja kabla. Na katika mji uleule wa Marion, yaliko leo makao ya World Gospel Mission, tarehe 7 Agosti 1930, umati uliwatoa gerezani vijana wawili weusi, Thomas Shipp na Abram Smith, ukawanyonga hadharani. Mgeni kutoka Kenya alilazimika kuzijua sura zote mbili za nchi ile, wala hakuna aliyekuwa amemwandaa. Wamisionari waliotufikia hawakutuhadithia ya Marion.

Basi lilimshusha Atchison, mji ulio kwenye kingo za mto Missouri. Mto huo ndio mpaka wa Kansas na jimbo jirani, kama Amala inavyopita Mulot ikitenganisha Bomet na Narok. Chuo chake, Mount St. Scholastica, kilikuwa cha wasichana, kikiongozwa na masista Wabenediktini. Kiasi cha kilomita 80 kutoka hapo ni Topeka, mji ambao kesi ya shule zake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1954 ikapiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. Wangari alipofika, hukumu hiyo ilikuwa na umri wa miaka sita tu. Lakini ndani ya Atchison Wangari alipokelewa. Masista walimlea, na familia za wanafunzi wenzake zilimkaribisha nyumbani wakati wa sikukuu. Kwa mara ya kwanza aliona miti ikipukutisha majani yote kwa pamoja, jambo ambalo kwetu lingemaanisha ukame au ugonjwa. Alikuwepo mjini humo Rais Kennedy alipouawa Novemba 1963, na alikuwepo wiki tatu baadaye Kenya ilipopata uhuru. Mwaka 1964 alihitimu katika biolojia. Elimu hiyo aliirudisha kwenye misitu yetu, ukiwemo Mau, ambako Amala inaanzia.

Jirani na Atchison kuna mji mdogo wa Highland. Katika miaka ya 1880 chuo cha huko kilimkubali kwa barua kijana aitwaye George Washington Carver, kisha kikamfukuza mlangoni kilipoona ni mweusi. Mwaka 1891 Carver akapokelewa Ames, mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo kile, ingawa mwanzoni hakuruhusiwa kula na wenzake na alipelekwa chini ya jengo, kwa vibarua wa shamba. Alimaliza, akafundisha hapohapo, na leo jengo mojawapo lina jina lake. Kila Mkenya aliyefika Ames baadaye ameingia kwa mlango alioufungua yeye.

Na wamefika wengi, hasa kwa miguu yao. Yobes Ondieki wa Kisii alikuwa mkimbiaji wa chuo hicho cha Ames, Iowa State, kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991. Jonah Koech alishinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani mwaka 1990 akiwa na jezi ya Ames, na Edwin Kurgat akafanya hivyohivyo mwaka 2019. Magazeti huandika muda wa mkimbiaji. Hayaandiki Januari yake, theluji ikiwa imefunika njia ya mazoezi, wala mwezi wa Mei, wanafunzi wanapoondoka na mji wa watu takriban 66,000 ukabaki kimya, mgeni asiye na nauli ya kurudi Kenya akabaki nao.

Mahindi yamezunguka Ames pande zote hadi upeo wa macho, lakini kupata unga wa ugali ni kazi. Mengi yanayolimwa ni ya kulisha mifugo na kutengeneza mafuta ya gari, na unga wa dukani mara nyingi ni wa njano, tena wa chengachenga. Kwa mzazi wa Mulot anayeikumbuka njaa ya 1984, njano hiyo ni rangi ya msaada, na kusikia kwamba mwanawe analipa dola kuinunua ni jambo la kumuumiza. Mtoto mwenyewe huizoea. Hujifunza kuipika, huwaalika wenzake wa bwenini, na mara nyingi hapo ndipo urafiki wake wa kwanza na mwenyeji unapoanza.

Tatizo la nauli halijabadilika sana tangu siku za Mboya. Masomo ya Marekani huanza Agosti, ilhali bonasi ya majani chai huwafikia wakulima wadogo Oktoba. Familia inayotegemea chai hulazimika kukopa katika sacco au kuitisha harambee, na huku Mulot, ambako ardhi inaanza kuelekea malishoni, ng'ombe hupelekwa mnadani. Mwanafunzi huondoka akijua hasa ni ng'ombe gani waliouzwa.

Kwa gharama hiyo, si haki aondoke bila kujua anakokwenda. Waliorudi tunao: walimu, wauguzi, wakulima, makocha. Shule za sekondari za Bomet na Kericho ziwaalike muhula wa pili, kabla ya Agosti, waeleze jinsi ya kupanga nyumba, kununua koti zito kabla bei haijapanda, kuuliza kanisani au msikitini nani ana gari la kwenda sokoni. Waeleze pia ya mkahawa wa Indiana, pamoja na ya masista wa Atchison. Na mtu awepo wa kuyaandika, kwa majina ya miji na miaka, maana kizazi cha 1960 kinapungua.