Ordinatere inasaidia namna gani kutafuta vitu vya kupitisha umeme bila kupoteza?

Kama ulishagusa waya wa resho ukasikia moto, basi uliona umeme unapotea. Waya wa kawaida unazuia umeme kidogo, na ile inazuiwa inageuka joto. Lakini kuko vitu vyenye vinapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Vinaitwa suprakondukta.

Heike Kamerlingh Onnes aliviona mwaka 1911, kule Leiden, Uholanzi, wakati alipoza zebaki mpaka digrii 269 chini ya ziro. Shida ingali ile ile: baridi kali. Mashini za IRM za hospitali zinatumia waya wa niobi na titani, wenye kupozwa na heli. Niobi hiyo inapatikana pia ndani ya koltani, pamoja na tantali.

Zamani watafiti walichanganya vitu na kupima, paka kwa kujaribu. Leo ordinatere inatangulia. Inapanga atomu kwa namna nyingi, inatafuta mpango wenye unaweza kudumu, kisha inahesabu namna atomu zinatikisika na kuunganisha elektroni mbili mbili. Hapo inakisia ni kwa baridi gani umeme utapita bure.

Mwaka 2014, watafiti wa China walihesabu hivyo kwa salfa na hidrojeni. Mwaka 2015, kikundi cha Mikhail Eremets, kule Mainz, Ujerumani, kilipima na kukuta digrii 70 chini ya ziro. Kisha ikafuata lantani na hidrojeni: hesabu ilitoka mwaka 2017, na vipimo vya 2019 vilifika karibu digrii 23 chini ya ziro. Lakini inaomba kukandamiza kipande kidogo sana kati ya almasi mbili, mara zaidi ya milioni moja kupita hewa ya kawaida. Huwezi kutengeneza waya wa muji na hiyo.

Tena hesabu haijui yote. Kwa suprakondukta za shaba zenye zilivumbuliwa mwaka 1986, wanasayansi hawajakubaliana bado juu ya sababu, kwa hiyo ordinatere inahangaika.

Mwaka 2023, watu wa Korea Kusini walitangaza LK-99, eti inafanya kazi bila baridi. Maabara zingine zilipima, hazikuona kitu. Basi, ukisikia habari kama hiyo kwenye simu, uliza mambo mawili: ni kwa baridi na mukandamizo gani? Na nani mwingine amepima?